Huli nyama na unakuja Unguja? Mkahawa wa mchana, Forodhani, sahani ya Kigujarati au hoteli ya pwani

Mwaka jana nilipata wageni wawili kwa mpigo. Mmoja ni rafiki yangu niliyesoma naye Dar es Salaam, Msabato wa Arusha. Nyama hali, kuku hali, samaki hali, ila yai na maziwa hana tatizo navyo. Wa pili alifuatana naye, mfanyakazi mwenzake wa Nairobi, Mhindi wa dini ya Jaini. Huyu maziwa anakunywa, lakini yai hagusi, na juu ya hayo hali kitu kinachochimbwa ardhini: mbatata, muhogo, karoti, kitunguu maji, kitunguu thomu. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe na nilikuwa nikijiona najua kulisha watu. Siku tano zile zilinitoa jasho.

Kwa hiyo huu ni ulinganisho wa aliyezunguka mwenyewe na tumbo tatu tofauti. Kama wewe ni Msabato, au Mkatoliki uliye kwenye Kwaresima, au daktari amekupiga marufuku nyama kwa ajili ya gauti, utajipata humu. Kama unaleta mgeni wa nje asiyekula hata asali, utapata pa kuanzia.

Maneno kwanza, mahali baadaye

Ukikaa mkahawani ukasema "sili nyama", mhudumu atakujibu kwa upole: "Basi kuna kuku." Hakukejeli. Kwetu nyama ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Kuku ni kuku na samaki ni samaki. Tazama ubao wa bei wa mkahawa wowote, Unguja au bara: wali nyama, wali kuku, wali samaki, wali maharage. Ubao wenyewe umeshavitenganisha.

Neno mboga nalo lina mtego wake, hasa kwa kuwa jikoni mwa mahoteli yetu kuna wapishi wengi waliotoka bara. Kwa mtu wa Unguja mboga ni mchicha, matembele, kisamvu. Kwa watu wengi wa bara mboga ni chochote cha kuteremshia ugali, ikiwemo nyama yenyewe. "Leo mboga ni nyama" ni sentensi isiyo na kasoro yoyote kule. Sasa wewe agiza "ugali na mboga" uone.

Siku ya kwanza niliwapeleka wageni mahali ambapo mimi mwenyewe hula kila mara. Nikamwambia mpishi, bi mkubwa wa makamo, kwamba hawa hawali nyama, kuku wala samaki. Akaitikia, akapakua wali wa nazi na mchicha. Msabato wangu akala vijiko viwili, akasita, akachomoa kwa ncha ya kijiko kitu chekundu chenye macho mawili meusi.

"Bi mkubwa, humu mna nini?"

"Uduvi tu, mwanangu. Bila uduvi mchicha huo utaliwa na nani?"

Uduvi kwake hakuwa samaki. Alikuwa kiungo, kama chumvi. Tangu siku hiyo nilitunga sentensi moja ndefu na nimeitumia mpaka leo: "Sili nyama, sili kuku, sili samaki wala dagaa wala uduvi wala chochote cha baharini, na supu yao sitaki kwenye chakula." Ni ndefu, na watu hucheka. Lakini kile kipande cha supu ndicho kinachookoa, maana pilau yetu hupikwa kwa supu ya nyama, na ukimwambia muuzaji huli nyama atakujibu "hakuna neno, nitakutolea vipande". Vipande vitatoka, supu itabaki kwenye kila punje ya mchele. Pilau na biriani viweke kando moja kwa moja. Bokoboko pia: kwa macho ni uji wa ngano, lakini nyama imepondwapondwa humo mpaka haionekani.

Mkahawa wa mchana

Hapa ndipo ninapoegemea mimi, pamoja na ule uduvi. Chakula bora kisicho na nyama Unguja hakijaandikwa popote kwamba hakina nyama. Ni chakula cha mtu asiyekuwa na pesa ya kitoweo siku hiyo: maharage ya nazi, choroko, kunde, mbaazi, muhogo wa nazi, mchuzi wa mabilingani, mabamia, shelisheli la kuchemsha. Kimepikwa kwa tui zito, ndimu na pilipili, na mpishi wake amekipika tangu akiwa msichana. Hakuna anayekiita kwa jina la kigeni, ndiyo maana bei yake ni ya chini kuliko vyote katika orodha hii.

Ila wakati ni muhimu. Asubuhi ndiyo saa yako: chapati au boflo kwa maharage, au mbaazi za nazi kwa maandazi. Ifikapo saa sita au saba sufuria zote zipo mezani na unaweza kuchagua kwa macho. Ukichelewa hadi saa kumi utakuta maharage yameisha na kuku amebaki. Nyakati za jioni mikahawa mingi ya aina hii huwa imebakiwa na supu na mishkaki.

Kwa anayeingia mjini mara ya kwanza, Lukmaan pale Mkunazini, karibu na Kanisa Kuu la Anglikana, ni pa kuanzia pazuri kwa sababu vyakula vimepangwa mbele yako na unaonyesha kwa kidole. Mgeni asiyejua jina la kitu anakiona. Msabato wangu alikula pale mara tatu. Yule wa Nairobi ilimbidi aulize zaidi, kwani kitunguu kipo karibu katika kila mchuzi wa Kiswahili; akaishia kwenye wali wa nazi, chapati na matunda. Akala bila kulalamika, lakini niliona aibu. Mgeni kuondoka na wali mkavu!

Mwenye kukwepa hata maziwa na mayai atafaidi zaidi hapa kuliko anavyodhani, kwa kuwa upishi wetu unakwenda kwa tui na si kwa maziwa. Aangalie vitu vichache tu. Chapati nyingine husukumwa kwa samli. Chapati za maji huwa na yai. Mkate wa kumimina, pamoja na utamu wake wa nazi na iliki, wengi huupiga na ute wa yai ili uumuke. Vitumbua kwa kawaida havina.

Forodhani usiku

Kila mgeni atakwenda Forodhani, umtume usimtume. Bustani ipo ufukweni mbele ya Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jua likizama meza zinatandikwa, taa zinawashwa, moshi unapanda. Na moshi wenyewe ni wa pweza, kamba na mishkaki. Kama harufu hiyo inakukera, usiende na njaa. Nenda umekula, utembee, unywe juisi ya miwa.

Kwa asiye na shida na harufu, kuna vya kula. Mahindi ya kuchoma yanayopakwa ndimu na pilipili. Muhogo wa kuchoma. Na ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, ambayo Mtaliano akiiona atashangaa: donge la unga linalotandazwa jembamba kama kitambaa, linajazwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, yai, mayonezi na jibini, linakunjwa na kukaangwa kwenye chuma cha moto. Mwambie kijana "bila nyama" na ataifanya mbele ya macho yako, jambo ambalo ni nadra. Lakini chuma ni kile kile kilichokaangiwa ya nyama dakika moja iliyopita. Msabato wangu aliomba kifutwe kwanza, na kijana akakifuta bila kinyongo. Wa Nairobi alichukua ya ndizi na chokoleti, bila yai, akarudia ya pili.

Bei za Forodhani zinategemea sura ya mteja. Uliza kabla hakijaingia motoni, na uulize kwa Kiswahili hata kama mgeni wako ndiye anayelipa.

Juisi ya miwa nayo ilitupa kazi. Hukamuliwa na ndimu na tangawizi, na tangawizi huchimbwa. Sikulifikiria hilo mpaka mgeni wangu alipoinua mkono kumzuia muuzaji.

Urojo unastahili aya yake, ingawa kwa maoni yangu usiunywe Forodhani; tafuta wa mitaani, wa alasiri, kwa bibi mwenye sufuria moja na foleni ya watoto wa skuli. Mchuzi wake wa unga, manjano na embe bichi hauna nyama. Ndani huwekwa mbatata, badia, kachori, chatne ya nazi, chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa, halafu mwishoni ndipo huja mishkaki na yai. Kwa hiyo sema mapema, kabla hajanyoosha mkono: "Usinitilie mishkaki wala yai." Bakuli linabaki limejaa. Kwa Msabato hiki ndicho kitu namba moja kisiwani, aliniambia hivyo mara nne. Kwa Mjaini, toa mbatata, toa kachori, toa muhogo, na amebaki na mchuzi na badia.

Jambo moja zaidi la mitaani: kachori na katlesi hukaa kwenye kabati moja la kioo na wageni huzichanganya. Kachori ni ya duara, mbatata tupu zilizopondwa kwa ndimu na pilipili na kuchovywa kwenye unga. Katlesi ni bapa, mbatata zimezunguka nyama au samaki, na nje imechovywa kwenye yai. Sambusa ichukulie kuwa ni ya nyama mpaka uambiwe vinginevyo.

Sahani ya Kigujarati

Wahindi wa Gujarati na Kachi wamefanya biashara Unguja kwa vizazi vingi, na Hurumzi pana hekalu la Kihindu mpaka leo. Waliacha dengu, badia, chapati, achari na chatne jikoni mwetu kiasi kwamba tumesahau vilitoka wapi. Kwa hiyo unapokwenda kula kwao hukwendi mbali sana na ulimi wako.

Ila kuna mikahawa ya Kihindi ya aina mbili, na hapa wageni wengi hukosea. Aina ya kwanza ina ukurasa mzima wa vyakula vya mboga kwenye orodha, lakini jikoni kuku wamejaa na mafuta ya kukaangia ni mamoja. Aina ya pili ni jiko ambalo nyama haiingii kabisa, yai nalo haliingii. Ukiuliza "mna vyakula vya mboga?" wote watakujibu ndiyo. Uliza hivi: "Jiko lenu ni la mboga tupu?" Jibu litajitofautisha.

Kwenye aina ya pili, sahani ni ya chuma yenye vibakuli: dengu, mboga mbili za siku hiyo, wali, chapati, mtindi, achari, papadi. Mara nyingi wanakuongeza mpaka uzibe bakuli kwa mkono. Yule wa Nairobi alitamka neno moja tu, "Jaini", na mwenye mkahawa akaitikia kwa kichwa na kuingia jikoni. Kikaja chakula kisicho na kitunguu wala mbatata, na hakuna aliyelazimika kueleza chochote. Nilimwona mgeni wangu akilegeza mabega kwa mara ya kwanza tangu atue.

Kwa bei ni ghali kuliko mkahawa wa Kiswahili na rahisi kuliko hoteli ya pwani, kwa mbali. Kasoro zake: mwenye kukwepa maziwa atahangaika, kwa kuwa samli imo kila mahali na mtindi pia, na kama unatoka Nairobi, Mombasa au Dar, ladha hii unaijua tayari. Hukupanda boti kuja kula dengu za mtaa wa Ngara, Nairobi. Lakini kwa mtu mwenye miiko mikali mimi sibabaishi: aende hapa siku ya kwanza, ashibe, halafu ndipo ajaribu mengine.

Hoteli za pwani

Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje, Jambiani. Kule lugha ya chakula inabadilika: pizza, tambi za Kitaliano, mchuzi wa Kithai, saladi, maziwa ya soya. Kiwengwa Waitaliano wamekuwapo muda mrefu na tanuri za kuni zinafanya kazi yake. Orodha zimeandika wazi kipi hakina nyama na kipi hakina hata maziwa, kwa hiyo ile sentensi yangu ndefu huihitaji. Mgeni wa Ulaya atajiona yuko nyumbani, na bei nazo ni za nyumbani kwake.

Ujuaji usikulaze hata hivyo. Mchuzi wa Kithai hukolezwa kwa sosi ya samaki. Supu ya mboga ya hotelini inaweza kuwa imeanza na kidonge cha kuku. Na jibini ya Parmigiano, ile inayonyunyizwa juu ya kila kitu cha Kitaliano, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama; wa Nairobi alilijua hilo, mimi nilikuwa silijui. Aliomba pizza ya tungule (nyanya) na jibini laini, na hata hapo akauliza jibini imetengenezwa vipi. Mhudumu alikwenda jikoni, akarudi na kasha lenyewe. Huduma ya namna hiyo mjini huipati.

Lakini ukikaa siku tatu utagundua kwamba chakula kisicho na nyama pwani ni kimoja kwa majina tofauti: karoti, zukini na pilipili hoho ndani ya tui. Tulikula Paje, kulikuwa na upepo mzuri na sahani ilipambwa, na Msabato wangu akaniinamia akaniuliza kama maharage ya Mkunazini hufungwa saa ngapi.

Kupika mwenyewe

Kwa mwenye kupanga nyumba yenye jiko, haya ni maelezo mafupi. Soko la Darajani, lililojengwa 1904, lina ukumbi wa nyama na samaki, lakini ukiingilia upande wa matunda na viungo huna haja ya kuupita. Nunua mchicha, mabilingani, shelisheli, ndimu, nazi. Nazi ikune mwenyewe; nilimwambia mgeni wangu kwamba huyu ndiye mbuzi pekee anayeruhusiwa jikoni kwake, na ilibidi nimwonyeshe kile kigoda chenye meno ndipo akacheka. Yule wa Nairobi alikula vizuri kuliko mahali pengine popote kwa njia hii, na kwa pesa kidogo. Usumbufu wake ni kwamba uko likizo, na wewe unaosha sufuria.

Ukivuka kwenda Pemba

Yote niliyoyasema juu ya kuchagua, Pemba hayapo. Chake Chake, Wete na Mkoani ni miji midogo na mikahawa ni ya watu wanaotoka kazini: wali, samaki, pweza, kuku, chipsi. Orodha yenye sehemu ya mboga usiitafute. Lakini mpishi wa Pemba ukimwambia asubuhi atakupikia la mchana, kwa sababu anapika kwa watu anaowajua na wewe umeshakuwa mmoja wao. Ukimwambia saa saba umeshachelewa, utakula chipsi. Beba karanga na matunda, na usirudi bila halua ya Wete, ila kumbuka kuuliza kama ni ya samli.

Kwa mwenye miiko mikali, Pemba aende mwishoni mwa safari, akiwa ameshazoea maneno.

Ukija Ramadhani

Mpangilio wote hapo juu unapinduka. Mikahawa ya wenyeji hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni utovu wa adabu ambao hautavumiliwa. Mchana utabaki na hoteli za watalii au jiko lako. Forodhani huchangamka baada ya watu kufuturu.

Na hapo ndipo unapokuja mwezi ambao asiyekula nyama anakula kuliko mwezi wowote. Futari yetu ni muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, majimbi, viazi vitamu, shelisheli, kunde, tambi za sukari, vibibi, kaimati, uji wa pilipili manga. Msabato wangu alirudi peke yake Ramadhani iliyofuata, nikampeleka kwa shangazi yangu Ng'ambo. Nilikuwa nimejiandaa kuitoa ile sentensi yangu ndefu, lakini shangazi alimwangalia tu mara moja, akamsogezea sahani za upande wa kulia wa mkeka. Bakuli la pweza lilipofika mbele yake, alilipitisha kwa bibi aliyeketi kushoto, naye bibi akamrudishia la ndizi.